Doutor Gildo na Minyoo ya Palma

Gildo alishuka Palma na begi moja, laptopu moja, na viatu vilivyong'aa mpaka vikaiaibisha suruali. Alikuwa ametoka Pemba ghafla, kwa sababu ambazo watu wa Pemba wanazijua vizuri kuliko sisi. Mfukoni hakuwa na kitu. Mtaji wake wote ulikuwa mdomoni.

Alihitaji kopi ya kitambulisho, akaingia kwenye reprografia ya Anabela, kiduka cha kutoa kopi na kuchapa barua kilichoko nyuma ya soko. Mbele yake alikuta mtu mnene mwenye kanzu safi akipiga kelele kama aliyeibiwa mbuzi. Huyo alikuwa Abdurrazaque, mwenye duka la saruji na mabati na nyumba nane za kupangisha, mtu ambaye akikuitikia salamu hukutazama kana kwamba kuna chenji inarudi.

"Mikataba yangu yote ya wapangaji!" alisema. "Tazama! Vimebaki vimishale!"

Anabela, mwanamke mkimya wa miaka thelathini na kitu, alinyoosha mkono aichomoe flashi kwenye kompyuta, akafungua mdomo aseme neno. Hakuwahi. Gildo alikwisha kuona kioo: mafaili yote yamegeuka njia za mkato, kila moja na kimshale chake. Moyo ukamruka. Katika mambo yote ya kompyuta yaliyoko duniani, Gildo alijua moja tu, alilofundishwa na binamu yake Milton: ukiona vimishale vile, mafaili hayajapotea, yamefichwa, na kuna amri ya mstari mmoja inayoyarudisha. Alikuwa na dawa moja maishani, na mgonjwa wake amejileta mwenyewe.

"Msiguse!" alifoka, kama mtu aliyeona nyoka chini ya meza. "Ukichomoa sasa hivi inakufa."

Kila mtu akarudi nyuma. Gildo akakunja mikono ya shati, akaomba maji, akanawa. Akaweka sikio kwenye mashine, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Ndipo akaandika ule mstari wake mmoja, polepole, akihema. Mikataba ikarudi yote, mmoja baada ya mwingine.

"Alhamdulillahi," Abdurrazaque alisema, akakaa kwenye kiti kisichokuwa chake. "Bwana, wewe ni nani?"

Hapa na tunyamaze kidogo kwa heshima, maana ndipo daktari alipozaliwa.

"Doutor Gildo," alijibu. "Magonjwa ya kompyuta."

"Umesomea wapi?"

"Nje."

Wala hakudanganya. Milton alimfundishia nje, barazani, kwa sababu ndani kulikuwa na joto.

Anabela alimkabidhi kopi ya kitambulisho chake. "Samahani, doutor," aliuliza, "huyu alikuwa kirusi au mnyoo?"

"Ni kabila moja hao, mana, dada yangu. Kirusi ni dume, mnyoo ni jike."

Anabela akamtazama kidogo, akarudi kwenye mashine yake ya kopi.

Swali lile lilimkera Gildo kuliko alivyoonyesha. Daktari akiulizwa jina la ugonjwa lazima awe nalo. Jioni ile aliketi akafungua simu, akatafuta ukurasa unaoeleza aina za programu mbaya, akasoma kwa bidii ambayo walimu wake hawakuwahi kuiona. Alimaliza kirusi, akamaliza mnyoo, jasusi, mpiga debe na mtekaji. Megabaiti zikamwishia akiwa ndio kwanza anaanza farasi wa Troya. Akaona si kitu: tano kati ya sita ni alama ya kufaulu.

Baada ya wiki moja alikuwa na meza kwenye baraza la duka la Abdurrazaque, na juu yake kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mwekundu: CLÍNICA YA KOMPYUTA. Abdurrazaque alimpa baraza bure, kwa sharti dogo kwamba nusu ya mapato ni yake. Watu walikuja. Palma ilikuwa inajaa tena: waliokimbia vita wanarudi, wageni wanatafuta kazi, kila mmoja ana barua ya maombi kwenye flashi, na kila flashi imepita kwenye mashine kumi kabla ya kufika nyumbani.

"Kirusi," Gildo aliwaeleza waliopanga foleni, kidole juu, "ni kama mafua. Hasafiri peke yake. Anadandia faili, na faili likifunguliwa naye anaamka. Mnyoo hadandii mtu, ana miguu yake: anatoka kompyuta hii, anaingia ile, kwa flashi, kwa waya, hujamwita wala hujamgusa. Jasusi anakaa kimya anachungulia nywila zako. Mpiga debe anakutangazia bidhaa usizozitaka. Mtekaji anayapiga kufuli mafaili yako, kisha anakudai fidia."

"Na farasi?" aliuliza Inácio, karani mmoja mwembamba aliyewahi kusikia habari hizo mahali. "Kuna cavalo de Troia."

Gildo alikohoa. "Farasi ni ugonjwa wa Ulaya, kaka. Umeona farasi Palma wewe?"

Watu wakacheka, Inácio akaona haya. Kompyuta yake mwenyewe ilikuwa inarusha picha za wasichana na dawa za kupunguza kitambi kila akitaka kuandika barua ya ofisi.

"Huyu mpiga debe," Gildo alisema. "Amekushika vibaya. Ulibonyeza nini?"

"Sikubonyeza kitu, doutor."

"Kaka Inácio. Daktari hafichwi."

"Kulikuwa na maandishi," Inácio alinong'ona, "kwamba nimeshinda gari."

Dawa ya Gildo kwa magonjwa yote ilikuwa moja. Alichomeka flashi yake, akaandika ule mstari wake, kisha akabandika kwenye kioo picha ya ngao ya kijani yenye neno SALAMA. Ngao ile haikufanya kazi yoyote. Ilikuwa picha tu, kama picha ya maembe. Lakini wagonjwa waliipenda, na wengine walirudi na machozi ya shukrani.

Wengine walirudi na ugonjwa mpya, na hilo lilimfurahisha zaidi. Kila aliyemtibu Jumatatu alikuwa na vimishale Alhamisi. Gildo alidhani ni riziki. Hakujua, wala ukurasa aliousoma haukumwambia kwa jina, kwamba flashi yake mwenyewe ilikuwa na mnyoo mnene tangu Pemba, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimtembeza nyumba hadi nyumba kama mgeni wa heshima.

Ndipo akaja Dona Esperança, katibu wa shule, mama wa makamo wa kutoka Mueda, na kompyuta ya ofisi ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa.

"Mwanangu," alisema, "humu mna majina na alama za wanafunzi wa miaka sita. Watoto wanakuja kila siku kutaka vyeti wakaombe kazi. Tangu uitibu juzi haifunguki."

Gildo aliandika mstari wake. Hakuna kitu. Akaandika tena. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, na mashine ikaanza kumwuliza maswali kwa Kireno kirefu, kila swali likiishia na *tem a certeza?* Ana uhakika? Akajibu ndiyo mara tatu, kwa sababu daktari hawezi kusema hapana mbele ya mgonjwa. Kompyuta ikazima, ikawaka, ikawa nyeupe pe, kama imetoka kiwandani.

"Nimeiosha," alisema.

"Na majina?"

"Kirusi alishayala, mama. Tumewahi kuiokoa mashine yenyewe."

Dona Esperança hakupiga kelele. Alikitazama kile kioo cheupe kwa muda mrefu, akasema asante, akalipa, akaifunga kompyuta kwenye kitenge chake. Kitu kilimchoma Gildo kifuani, kikaendelea kumchoma mpaka saa ya chakula.

Mchana huohuo Abdurrazaque alimwita ndani, akafunga mlango wa duka.

"Doutor, yule jasusi unayemtaja kila siku. Anaweza kupelekewa mtu?"

"Inategemea na mtu."

"Laila."

Laila alikuwa na chumba cha barafu pale Tungue, na samaki wote wazuri wa ghuba walipita mkononi mwake. Kampuni moja ya barabara ilikuwa imetangaza zabuni ya kulisha wafanyakazi wa kambi yake mwaka mzima, na Abdurrazaque alikuwa na hakika kwamba Laila ataomba.

"Nataka kujua bei yake ya sahani moja kabla sijaandika yangu," alisema. "Niletee hiyo, pikipiki ile nyekundu ni yako."

Gildo aliitazama pikipiki ile kupitia dirishani. Ilikuwa haijamaliza mwaka. Akasikia ulimi wake ukisema, "Kesho kutwa unayo," kabla kichwa hakijaulizwa.

Tatizo lilikuwa dogo: hakuwa na jasusi, wala hakujua anapatikana wapi. Milton hakupokea simu. Basi kesho yake akapiga viatu rangi akaenda kwa Anabela.

"Mana Anabela, mimi na wewe ni watu wa fani moja."

"Mimi natoa kopi, doutor."

"Mashine ngapi zinapita hapa kwa siku? Hujawahi kumkamata jasusi kwenye flashi ya mtu? Namtaka mmoja. Kwa uchunguzi wa kidaktari."

"Wa kumpelekea nani?"

Gildo akatabasamu lile tabasamu lililomfikisha mbali maishani, na kumrudisha. Akaeleza. Hakueleza yote, lakini alimtaja Laila, akaitaja zabuni, akaitaja pikipiki, na yaliyobaki mtu yeyote angeyajaza.

Anabela alizima mashine ya kopi. Alikuwa amekesha usiku kucha akijaribu kuokoa kitu katika kompyuta ya Dona Esperança, iliyoletwa kwake jana yake. Alikuwa amesoma ufundi wa kompyuta Nampula miaka mitatu, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Na katika mashine kumi na nne zilizoletwa kwake mwezi ule alimkuta mnyoo mmoja uleule, na zote kumi na nne zilikuwa na ngao ya kijani.

"Njoo Ijumaa," alisema.

Ijumaa alimpa flashi ndogo nyeusi. "Kuna mafaili mawili. Hili la kwanza unaliweka kwa Laila. La pili unalifungua kwenye laptopu yako, ndilo linalopokea habari. Bila la pili hutaona kitu."

"Bei gani?"

"Siuzi. Chukua zawadi."

Gildo alitoka pale akiamini mambo mawili: kwamba amepata jasusi wa bure, na kwamba amependwa.

Kwa Laila kazi ilikuwa nyepesi ajabu. Alimkuta mwanamke mrefu mwenye koti la baridi juu ya khanga, akipanga changu kwenye barafu, naye aliposikia neno chanjo akasema, "Ingia tu, doutor, kompyuta ile pale, mimi mikono yangu ina magamba." Gildo akaweka faili la kwanza, akabandika ngao, akapewa na samaki wa njiani. Alipofika chumbani kwake akalifungua faili la pili kwa mikono yake miwili. Kioo kikasema: KARIBU. Kesho yake asubuhi kulikuwa na barua humo, safi, imeandikwa kwa jina la Laila kwenda kwa kampuni ya barabara: wali, samaki na mboga, meticais tisini sahani moja.

"Tisini?" Abdurrazaque alishika kichwa. "Sokoni sahani ni mia mbili na hamsini! Anapata wapi faida?"

"Labda amepata mahali pa mchele rahisi."

"Akipata yeye nitapata mimi." Macho ya Abdurrazaque yaliwaka. Akachukua kalamu, akaandika themanini na tano, akapiga muhuri kabla moyo haujamgeuka.

"Pikipiki," Gildo alimkumbusha.

"Ufunguo huu. Hati ya mauziano nakuwekea kwenye flashi. Kuchapa ni gharama."

Gildo hakusubiri matokeo ya zabuni. Alikuwa na uzoefu wa matokeo. Jumatatu asubuhi alifunga begi mgongoni, akaiacha Palma nyuma, akaipita Olumbi bila kusimama, akaipita Mocímboa akiimba. Upepo ulimpiga kifuani, viatu viling'aa, na alikuwa ameshaanza kufikiria mji ambao haujawahi kuwa na daktari wa kompyuta. Nampula ilikuwa kubwa mno. Montepuez ilimfaa.

Karibu na njia panda ya Awasse palikuwa na kizuizi. Askari mmoja, Sérgio jina lake kwa mujibu wa kibao kifuani, alimnyooshea mkono asimame chini ya kivuli cha turubai.

"Hati za pikipiki."

"Zimo kwenye kompyuta, chefe. Siku hizi kila kitu ni digital."

"Fungua."

Gildo akaketi kwenye benchi, akafungua laptopu kwa madaha. Kioo kikawaka chekundu chote. Katikati kulikuwa na picha ya kufuli, na chini yake maandishi. Gildo akajaribu kuifunga. Sérgio akaizuia kwa kidole kimoja, akainama, akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma risala:

"Salamu kwako unayesoma. Mafaili yote ya kompyuta hii nimeyafunga mimi. Mwenyewe anaitwa Gildo, na si daktari. Sidai hela. Namdai arudi Palma, kwenye reprografia nyuma ya soko, atengeneze alichoharibu. Namba yangu iko chini. Kama aliye karibu nawe anatokwa jasho, ndiye huyo."

Sérgio akanyanyua uso. "Unatokwa jasho."

"Ni jua, chefe."

"Tuko kivulini."

Askari akatoa simu yake mwenyewe, akapiga ile namba, akaiweka sauti juu. Anabela alipokea mara moja.

"Umefika wapi, doutor?"

"Awasse," Gildo alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Mana, huyu ni mtekaji. Mimi nilimwomba jasusi!"

"Mtekaji ndiye aliyefunga, ndiyo. Lakini aliingiaje? Fikiri."

Gildo akafikiri. Ilichukua muda, na Sérgio alisubiri kwa hamu ya kweli, kwa maana kizuizini hapana burudani nyingi.

"Mlango niliufungua mwenyewe," alisema mwishowe.

"Huyo ndiye farasi. Haingii kwa nguvu. Anakuja kama zawadi, mtu anampokea kwa furaha, kumbe tumboni ana wengine. Faili la Laila lilikuwa picha ya changu. La kwako ndilo lililokuwa farasi. Tangu Ijumaa naona kila unachoandika, na barua ya tisini nimeiandika mimi."

"Na Laila?"

"Laila hakuomba zabuni yoyote. Kupikia watu mia mbili, na umri wake ule? Abdurrazaque ameshinda. Ametangazwa saa mbili asubuhi. Amekwisha kwenda Tungue kununua samaki wa mwaka mzima, na Laila amemwambia bei."

"Amesemaje?"

"Ameomba maji."

Sérgio alicheka mpaka kofia ikamtoka. Kisha akaipangusa, akaivaa, akawa serikali tena. "Pikipiki isiyo na hati haiendi mbele," alisema. "Ila kurudi Palma, kwa mwenye kuweza kuithibitisha, naweza kukuandikia karatasi. Uchague, doutor. Ulale hapa na sisi, au urudi kule."

Gildo aliitazama barabara ya Montepuez. Akaitazama benchi. Akamfikiria Dona Esperança akifunga kompyuta kwenye kitenge, na mara hii kile kitu kilimchoma bila kungoja saa ya chakula.

"Niandikie karatasi, chefe."

Alirudi Palma alasiri, viatu vimejaa vumbi. Abdurrazaque alikuwa amekwisha kufika kwenye reprografia, kanzu imekunjamana, anataka pikipiki yake.

"Ni yako kabisa," Anabela alimwambia kwa upole. "Keti hapo, nichape maelezo. Pikipiki ulimpa bwana huyu kwa malipo ya kazi gani? Sema kwa sauti, Inácio naye asikie, atakuwa shahidi."

Inácio, aliyekuja kutoa kopi, akasogeza kiti karibu.

Abdurrazaque akamtazama Anabela, akamtazama Inácio, akasikiliza jinsi soko lilivyonyamaza ghafla huko nje. Akasema amekumbuka kuna sufuria jikoni. Akaenda zake, na hajaitaja pikipiki ile tena. Anabela huitumia kupeleka kopi mpaka Olumbi, na watu wanasema anaikimbiza kuliko inavyotakiwa.

Gildo alipewa kiti pembeni ya mashine ya kopi. Wiki mbili alisafisha kompyuta kumi na nne, moja moja, Anabela akisimama nyuma yake, na safari hii alijua anachofanya. Flashi yake ilichomwa kwenye jiko la mkaa. Inácio aliombwa radhi kwa habari ya farasi.

Kisha Dona Esperança akaleta magunia mawili ya daftari za karatasi, zilizonusurika na mvua, zenye majina na alama za miaka sita. Akayamwaga mbele ya Gildo.

"Yote, mama?" Gildo aliuliza.

"Yote, mwanangu. Na usiruke, watoto wanasubiri."

Yuko palepale mpaka leo, ukipita nyuma ya soko utamwona, anachapa kwa vidole viwili. Orodha inakwenda kwa alfabeti ya jina la kwanza. Akina Abdala walimtoa jasho, akina Amade vilevile, akina Fátima wakamchukua wiki nzima. Sasa amefika kwa akina Momade, na akina Momade wa Palma, ndugu zangu, hawaishi.